Wimbo Niliosema Nimepewa

Mwalimu Yeremia, aliyetufundisha kuimba, alifariki Jumanne, na Jumatano asubuhi kijana wake mkubwa alinipigia simu kuniambia kwamba siku ya mazishi nimepangiwa dakika tano. Kwaya itaimba "Kilima," wimbo ambao marehemu aliupenda kuliko zote, na kabla hawajaanza mimi nitasimama nieleze wimbo ule nilipewa vipi. Ndivyo alivyosema, nilipewa, kama watu wote wa kanisa letu wanavyosema kwa zaidi ya miaka ishirini sasa. Nikamjibu sawa. Kisha nikakaa kitandani na viatu miguuni, kwa sababu Mungu hakunipa wimbo ule. Yuko mtu mmoja tu anayelijua jambo hilo pamoja nami, naye alikuwa amenitumia ujumbe kwamba atavuka kutoka Bukavu aje msibani, na kwamba angependa kulala kwangu. Anaitwa Nsimire. Niliacha atolewe kwenye kwaya kwa kosa langu, na tangu mwaka ule hatujawahi kukaa chumba kimoja.

Habari za wazazi wangu na jinsi tulivyorudi Rwanda kutoka ng'ambo sitaziandika hapa. Kila nyumba ya Kamembe, mji wetu wa mpakani, ina hadithi hiyo, na wengi wanaisimulia vizuri kuliko mimi. Ninachokumbuka kuhusu mwaka ule, mwaka wangu wa ishirini na moja, ni chumba. Kilikuwa nyuma ya soko, kina cherehani tatu za miguu, meza ndefu yenye alama za chaki, na pasi ya makaa ambayo Maman Godelieve, mwenye chumba, aliipuliza mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu na moto. Dirisha lilikuwa moja, na ndani yake ulipata kipande cha ziwa na mabati ya Bukavu upande wa pili, Kongo. Kazi yetu ilikuwa kupunguza nguo za caguwa, zile zinazokuja kwa marobota kutoka Ulaya, makoti yaliyoshonwa kwa watu wenye mabega kama milango. Tulifumua, tukakata, tukashona upya kwa kipimo cha watu wa huku. Nsimire alikuwa akivuka mpaka kwa miguu kila asubuhi na karatasi yake ya kuvukia, na kabla hajakaa, Maman Godelieve, aliyekulia Bukavu na bado aliiota, alimdai habari zote: nani ameoa, nani amezikwa, mvua imebomoa barabara gani. Saa sita tulikula bugali na sambaza, dagaa wa ziwani, za kukaanga, siku nyingine sombe ya majani ya mihogo, na Maman Godelieve alikula amesimama, akichungulia mishono yetu.

Kaseti niliipata mimi. Naliweka hilo wazi mapema. Ilikuwa majira ya mvua, nami nafumua bitana ya koti jeusi la ngozi ambalo mteja wa Nyakarenzo alitaka limkae kama alizaliwa nalo, na chini ya bitana vidole vyangu vikagusa kitu kigumu. Haikuwa na karatasi wala picha. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu namba moja mpaka nane, nne upande huu na nne upande ule, basi. Sikujua ni nani aliyeimba, na mpaka leo sijui. Wanangu huniambia, Mama, imba kidogo, simu itautafuta. Nimeimba mbele ya simu mpaka nikaona haya, nayo ikaniletea wimbo wa harusi.

Tuliiweka kwenye redio siku Maman Godelieve alipokwenda Mururu kumtazama mama mkwe wake. Ilianza kwa mvua na radi. Sote wawili tukatazama mabati, Nsimire akakimbia nje kuanua nguo za wateja, akakuta jua linawaka. Alikuwa bado mlangoni, suruali tatu mkononi, gitaa zilipoingia. Nimewasikia watu wakisema muziki wa namna ile ni kelele, na sitawabishia sana: gitaa zilikuwa nzito, zinakwaruza, na mpiga ngoma alipiga kana kwamba amechelewa mahali. Lakini juu ya uzito ule kulikuwa na gitaa nyingine mbili zilizoimba pamoja, moja chini kidogo ya mwenzake, kama soprano na alto wanaopendana, na mwanamume mwenye sauti safi aliyepanda, kisha akapanda tena pale ulipodhani pamekwisha. Wimbo mmoja ulidumu muda wa kupiga pasi mashati mawili. Ulibadilika mara nne, mara tano, ukanyamaza kabisa, ukarudi kwa mlango mwingine. Upande wa kwanza ulipokwisha Nsimire aliweka zile suruali mezani taratibu. "Hii batu balisoma," akasema, nami nikaigeuza kaseti.

Tangu siku hiyo tuliisikiliza kila Maman Godelieve alipotoka, na baadaye hata alipokuwepo, maana alizoea na akasema bora hiyo kuliko umbea wetu. Kiingereza hatukukijua, tulisoma kwa Kifaransa, kwa hiyo kila wimbo tuliupa habari yake. Wa tatu, kwa mujibu wa Nsimire, ulikuwa wa mtu aliyerudi kwao akakuta nyumba yake ina watu wengine, naye hana moyo wa kubisha hodi. Sikumuuliza ameijuaje. Betri zilipochoka, sauti ya yule mwimbaji ilishuka ikawa ya mzee mlevi, tukazitoa tukazianika juani ukutani kama wengine wanavyoanika mihogo, na mchana zikatupa nyimbo mbili zaidi. Wimbo wa nne ndio uliotusumbua. Ulikuwa unatupokonya miguu kwenye cherehani, hauendi nne nne kama nyimbo za watu, mpaka Nsimire akachukua chaki akapiga mistari mezani na kugundua kwamba unahesabiwa saba. Alifurahi kama amepata mtoto. Katikati ya wimbo huo gitaa nzito zilinyamaza zote, na yule mwanamume akaimba peke yake na gitaa moja ndogo, sauti ya huzuni isiyojihurumia, mistari minne tu, kisha mingine minne. Nilikuwa na umri ule, na kila kitu nilichowahi kupata kilikuwa kimekatwa na mtu mwingine nami nikapewa nikipunguze. Kaseti ile ilikuwa kitu cha kwanza kikubwa kuliko mimi ambacho hakuna aliyeniambia nikipunguze. Niliipenda, na nilimpenda Nsimire kwa sababu hakuna mwingine niliyeweza kumweleza jambo hilo bila kuonekana nimerogwa.

Sote wawili tulikuwa kwenye kwaya ya Mwalimu Yeremia, yeye soprano ya mbele, mimi alto ya kujificha. Kiangazi kile kanisa letu lilikuwa na zamu ya kukaribisha kwaya za jirani, za Mururu, za Nyakarenzo, na watu wa Bweyeye ambao wangetembea siku nzima kando ya msitu kabla ya kupata gari. Kila kwaya ilipaswa kuleta wimbo mpya. Mwalimu Yeremia alituuliza kwa majuma matatu nani amepewa, na majuma matatu tulitazama viatu vyetu. Kwetu wimbo mpya hautungwi. Ama umeuiga kwa wengine, na hiyo ni aibu, ama umepewa, ndotoni au kitandani ukiwa mgonjwa, na aliyepewa husimama mbele ya watu aeleze. Juma la nne nilichukua ile mistari ya katikati ya wimbo wa nne, nikaitilia maneno ya Kiswahili juu ya mtu anayepanda kilima bila kujua kama anasubiriwa huko juu. Nilipomwimbia Nsimire kwenye cherehani alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaniambia niimbe tena, akaingiza sauti ya juu.

Mwalimu Yeremia aliupenda papo hapo, halafu ukamtesa. Kwaya yetu haiimbi imesimama kama nguzo, inakwenda hatua, kushoto kulia, na wimbo wa saba haukubali hatua za watu waaminifu. Mzunguko wa kwanza tulianza na mguu wa kushoto, wa pili ukaanza na wa kulia, wa tatu nusu ya watu wamekata tamaa, na watu thelathini wenye kanzu za buluu wakagongana makalio mbele ya madhabahu. Wapiga ngoma wakasema wimbo una kilema. Mwalimu alikuwa fundi seremala siku za kazi, mtu wa kupima. Alitutuma nyumbani, akabaki peke yake kanisani akitembea huku na huku, na siku iliyofuata akatuonyesha: hatua sita, na ya saba miguu yote miwili chini, simama, mikono kifuani. Halafu kushoto tena. Mara moja kilema kikawa heshima. Ukiona leo kwaya za huku zikisimama kimya katikati ya mwendo na wamama wakifuta macho, ujue ni fundi mbao mmoja aliyekataa kushindwa na hesabu ya wapiga gitaa asiowajua.

Siku ya mkusanyiko kanisa lilijaa mpaka madirishani. Nilikuwa nimepanga kusema ukweli nusu, kwamba wimbo umenijia kazini. Lakini waliotutangulia walikuwa wamesimulia ndoto na malaika, mama mmoja wa Bweyeye alipewa wake akiwa na homa njiani, na nilipoitwa niliona nyuso zile zote zimeinuliwa, zinangoja. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema nimeota watu wenye mavazi meupe wanapanda kilima cha Mururu, na mmoja wao akanigeukia akaimba. Nilieleza hata rangi ya njia. Watu wakaitikia Amina, tukaimba, tukasimama ile ya saba, na mkusanyiko mzima ukasimama pamoja nasi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu ya kutosha, maana kufikia mwezi uliofuata wimbo ulikuwa unaimbwa hadi Bweyeye. Nsimire hakunisema. Aliniuliza tu siku moja, tukifumua, kama nililazimika kutia na rangi ya njia.

Papa Fidèle alikuwa shemasi, mtu mwema, na alilofanya naliandika bila chuki. Alikuja alasiri moja na suruali ya kupunguza, Maman Godelieve yuko sokoni, mimi nimetoka kutafuta uzi mweusi. Niliporudi nilimkuta amesimama katikati ya chumba na kaseti mkononi, na Nsimire amekaa nyuma ya cherehani bila kuigusa. Alikuwa amesikia wimbo wa nne kuanzia mwanzo, gitaa zote, ngoma zote, na katikati ya tufani ile akasikia "Kilima." Ungedhani angegundua yote papo hapo. Lakini Papa Fidèle alikuwa ameisikia ndoto yangu kwa masikio yake, na kwake wimbo ule ulizaliwa kiangazi kile, ndani ya kanisa letu. Kwa hiyo kulikuwa na jibu moja tu: mtu alikuwa ameuiba wimbo wa Mungu akawapelekea watu wa muziki wa giza, nao wakauweka kwenye kaseti yao. Na ni nani katika kwaya alilala Bukavu kila siku, mji wa bendi na mastudio? Akauliza kaseti ni ya nani. Nsimire alinitazama, mimi na uzi wangu mweusi, akaona nilivyoogopa.

"Ni yangu, Papa," akasema.

Jumamosi wazee walikaa katika kile chumba kidogo nyuma ya kanisa kinachonuka nta na vitabu vyenye unyevu. Waliketi watano ukutani, Mwalimu Yeremia mwishoni, anatazama mikono yake. Nsimire alikuwa kwenye benchi katikati. Nilidhani nitaulizwa, na nilijiambia kwamba nikiulizwa nitasema. Nikaulizwa. Ila swali halikuwa lile nililolingoja. Papa Fidèle alinigeukia kwa upole, kama mtu anayezungumza na mfiwa.

"Béatha, weye njo mwenye wimbo, weye njo balikosea. Huyu dada yako unamusamehe?"

Nikasema, "Ninamusamehe."

Nimeyabeba maneno hayo kuliko mengine yote niliyowahi kusema, pamoja na yale ya ndoa. Ndoto ilikuwa uongo wa haya, na watu wengi wametia chumvi mbele ya madhabahu. Lakini kumsamehe Nsimire mbele ya watu, kwa uso wa huruma, kosa likiwa langu na kaseti yangu, hilo nililifanya nikijua. Wazee wakanisifu kwa moyo wangu, wakamtoa Nsimire kwenye kwaya. Yeye aliinuka, akawashukuru kama ilivyo desturi, akatoka. Kaseti ilichomwa nyuma ya kanisa pamoja na karata za kijana mmoja na hirizi ya bibi mmoja, nami nikatumwa kutoa wimbo wa kuanzia. Jumatatu nilimwambia Maman Godelieve kwamba macho yananiuma, siwezi tena kushona. Nilipata kazi ya kuuza dawa kwenye duka la chini, na kila nilipopaswa kupita nyuma ya soko nilipita kwa mbele. Baada ya Noeli nikasikia Nsimire ameposwa na mtu wa Kindu, ndani kabisa ya Kongo, na kwamba ameondoka.

Alifika kwangu jana, saa tisa mchana, na mfuko wa ndizi mbivu. Amenenepa, nami pia, na mguu wa kushoto unamsumbua. Tuliitana Mama Kevine na Mama Bahati, kwa majina ya watoto wetu, kama watu wasiojuana sana. Alisifu mapazia. Akanieleza kwamba mumewe alishakufa, kwamba alirudi Bukavu miaka kumi iliyopita na sasa anauza vitenge, akivuka mpaka mara mbili kwa juma, tena kwa mlango ulio dakika ishirini kutoka kwangu. Nilimpikia bugali na sambaza bila kufikiri, na tulipokaa mezani nikaona nimemwandalia chakula cha kule kwenye cherehani. Binti yangu alitoka, tukabaki wawili. Nikamwambia kwamba kesho, kwenye zile dakika tano, nitawaambia watu wote ukweli: ndoto, kaseti, benchi, na jina lake nitalisafisha. Nilikuwa nimeandika. Nilikuwa na karatasi mbili.

Aliziangalia bila kuzichukua. "Kesho usiseme ile kitu," akasema. Nikamuuliza kwa nini. Alikata kichwa cha sambaza moja, taratibu, kama mtu anayetafuta pa kuanzia. "Wakati nilizika Bahati, bamaman ba kule Bukavu balikuya kuimba Kilima. Habakujua kama niliishi nayo. Balifika pa saba bakasimama, na mi nikasimama nabo. Kama sikusimama pale, ningeanguka. Sasa kesho unataka kubaambia kama ni bongo, ni ya kudanganya? Bale bamaman batabakia na nini?"

Sikujua kwamba Bahati amekufa. Nilikuwa nimemwita Mama Bahati saa nzima, na yeye ameitika. Nilimuuliza basi nifanye nini, kwa sababu siwezi kuendelea hivi, na nilisema hivyo kwa kulalamika, kama mwenye haki ya kuonewa huruma.

"Kesho useme juu ya Mwalimu," akasema. "Yeye njo alituonyesha kusimama, na ile ni ya kweli. Na ingine, uniambie mi. Bale bazee bote bamekufa. Mi njo uliambia unanisamehe, na mi niko hapa."

Maneno niliyoyatayarisha kwa kanisa zima yalikuwa mengi na mazuri, yana mwanzo na mwisho, na halikuwemo hata moja la kumwambia mtu mmoja aliye upande wa pili wa sahani. Mwishowe nikasema kwamba kaseti ilikuwa yangu, kwamba ndoto nilidanganya, na kwamba waliponiuliza kama ninamsamehe, nilijua. Nikamwomba msamaha. Sikulia, niliogopa mno hata nisiweze kulia. Nsimire alisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika meza kwa mikono miwili.

"Asante," akasema. Akaisogeza sahani yake kando: "Unajua, ile ya bazee haikuniumiza sana. Mi nilirudia kwenye mashini. Kila siku ya samedi Maman Godelieve alikuwa anatoka, na mi nilikuwa nabakia, nakungojea. Mpaka Noeli."

Nikasema kwamba hakukuwa na kitu cha kungojea, kaseti walikuwa wameshaichoma.

"Nilikuwa nayo yote mu kichwa," akasema. "Ya kwanza mpaka ya munane, na fasi ya gitaa, na ile mvua. Nilikuwa nataka kukuimbia."

Nilimuuliza kama bado anazikumbuka. Alitafuta, niliona anatafuta, midomo ikienda kidogo. Akatikisa kichwa. Akasema zilimtoka moja moja kule Kindu, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwimbia.